"Benki Wenyewe Walipiga Hesabu"

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, alikaa mbele yangu, akatoa salari slipu iliyokunjwa mara nne, akasema lile neno: "Lakini kaka, benki wenyewe walipiga hesabu, wakaona naweza kulipa mkopo." Nimelisikia miaka yote niliyokuwa afisa mikopo, na tangu niache benki nalisikia zaidi. Leo nimechoka nalo.

Benki haikupiga hesabu kama utaishi. Ilipiga hesabu kama makato yatapita.

Chukua mshahara wa shilingi 1,500,000. Toa PAYE (kodi ya mshahara), PSSSF (mfuko wa pensheni) na bima. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, tuseme hudaiwi. Omba milioni 35 za nyumba kwa miaka 15, riba asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Rejesho ni kama 564,000 kwa mwezi. Mkononi inabaki laki tano na nusu hivi, ile theluthi ya mshahara inayotakiwa kubaki imetimia, faili limepita. Mfumo hauulizi kama mama yako Kondoa anakutegemea, wala kama unalipa kodi Area C huku boma lako Iyumbu linasubiri bati. Waliohamishwa na serikali kutoka Dar wengi wana kaya mbili, slipu moja.

Na hauulizi kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Hapa ndipo damu inaponichemka mimi! Kausha damu haimo kwenye slipu. Mkopeshaji anakaa na kadi yako ya ATM na namba ya siri, mshahara ukiingia anautangulia. Nilimwambia mwalimu ageuze slipu aandike nyuma kila anachodaiwa. Akaandika kijumbe wa upatu, duka la Mangi, ada, mchango wa harusi ya shemeji, kausha damu ya kwanza. Akaweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akaandika ya pili kwa herufi ndogo, akaifunika na kiganja. Mumewe hajui. Ile theluthi tunayojisifu nayo ilikuwa inaisha kabla hajafika soko la Majengo.

Kuhusu riba nitapita haraka, maana watu hawapendi kusikia. Kwenye huo mkopo wa milioni 35, mwezi wa kwanza 525,000 ni riba tupu. Deni lenyewe linapungua kwa 39,000 hivi. Ukilipa miaka mitano bila kukosa umetoa karibu milioni 34, na bado unadaiwa milioni 31 na ushee. Hujaibiwa. Ndivyo rejesho la kiwango kimoja linavyofanya kazi, na nilipaswa kukuonyesha jedwali kabla hujasaini. Wengi sikuwaonyesha. Kulikuwa na lengo la mwezi, foleni ilikuwa ndefu, na mteja mwenye hamu ya nyumba hataki jedwali, anataka kalamu.

Usiniambie watu wa Dodoma wanapenda makuu. Wapo, sawa, nimeona vigae vya sebuleni vikinunuliwa kabla ya choo. Lakini mwalimu wangu hakununua sofa. Alinunua saruji ikaisha kwenye lenta, akakopa pa pili ili amalizie, akakopa pa tatu ili alipe pa pili.

Sasa mashaka yangu. Ningemnyima, angeacha kujenga? Au angeenda kausha damu kwa zote? Sijui. Na kuna mzee mkulima wa zabibu, Hombolo, niliyemkataa kwa sababu hana slipu. Amemaliza nyumba yake chumba kwa chumba, kila mavuno mifuko kadhaa ya saruji, na hadaiwi na mtu. Fomula yangu ilimpa sifuri.

Mwalimu atarudi Jumamosi. Nimemwambia kwanza akachukue kadi yake kule ilikowekwa, abadilishe namba ya siri, kisha aje na mumewe. Kadi amesema ataipata. La mume hakujibu, alikunja tu slipu yake mara nne, akaitia kwenye mkoba.