"Substance" ya New Order: zipi zimekatwa, zipi zimerekodiwa upya

Ukinunua "Substance", albamu ya mkusanyiko ya bendi ya Uingereza New Order, ukidhani unapata singo zao zote za 1981 hadi 1987 kama zilivyotoka, umepata nusu ya ukweli. Factory Records ya Manchester iliitoa Agosti 1987 kwa namba FACT 200: nyimbo 12, nyingi katika matoleo marefu ya santuri za inchi 12. Inasimuliwa kwamba Tony Wilson, bosi wa lebo, alitaka tu kusikiliza singo za bendi kwenye CD ndani ya Jaguar yake mpya.

Kikwazo kilikuwa nafasi. CD ya siku zile ilibeba takribani dakika 74. Toleo la CD lina diski mbili; jumlisha muda wa nyimbo 12 za ile ya kwanza, unapata 74 na sekunde chache. Hapo mkasi umepita. "The Perfect Kiss" yenye 8:46 kwenye santuri ya singo inaishia 8:02 kwenye CD. "Shellshock" ilikuwa 9:41, imebaki 6:28. "Sub-culture", rimiksi ya produsa John Robie, imeshuka kutoka 7:26 hadi 4:48. Hiyo mimi siililii.

Nyingine hazikukatwa, zilirekodiwa upya. "Temptation" ya hapa ni ya 1987, safi na yenye nidhamu, ila ile ya 1982 ina damu zaidi. "Confusion" ndiyo hasara kubwa: ya 1983, iliyotengenezwa na Arthur Baker kule New York, ina dakika 8 na ndiyo ya kuchezea, hii ya 4:43 inaisha mwili haujapata moto. Nayo "Ceremony" ni rekodi ya pili, baada ya mpiga kinanda Gillian Gilbert kujiunga. Ya kwanza waliirekodi wakiwa watatu.

Wa santuri nao wana lao. Ni sahani mbili, nyimbo tatu kila upande, na upande wa tatu unafika kama dakika 20. Mifereji inayopitwa na sindano ikibanwa hivyo, besi ndiyo inayoumia, maana ndiyo inayohitaji mfereji mpana. Fundi anayechonga sahani hulazimika kushusha sauti kwa jumla. "Blue Monday" kwenye santuri yake yenyewe ina upande mzima kwa dakika 7 na nusu, ndiyo maana ngoma ya mashine ya Oberheim DMX inagonga kifua. Kwenye "Substance" ongeza sauti yote, usikimbilie kitufe cha besi, utapata mvumo tu.

Ukinunua iliyotumika, jaribu kwanza wimbo wa tatu wa kila upande: "Temptation", "Thieves Like Us", "Shellshock", "True Faith". Karibu na kitovu mfereji unapita polepole chini ya sindano, hivyo sahani iliyochakazwa na sindano mbovu hukwaruza hapo kwanza, hasa kwenye herufi "s". Wimbo wa kwanza unaweza kukudanganya.

Diski ya pili ya CD ina nyimbo za upande B, ikiwemo "1963", iliyotengenezwa pamoja na "True Faith" na Stephen Hague. Humo utaona jina "Mesh". Unachosikia si "Mesh", ni "Cries and Whispers"; majina yalichanganywa kwenye jalada. Ukihamishia faili kwenye kompyuta, rekebisha jina mwenyewe.