Homa ya mgonjwa wa saratani ya damu haisubiri asubuhi

Ndugu wa wagonjwa wanalalamika kwamba wodini tunachukua damu mara nyingi mno, na wengine wanadhani tunaiuza. Nieleze sababu.

Baada ya dripu za kemo, yaani dawa za saratani, chembe nyeupe hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Zile za neutrofili, ambazo ni askari wa mwili dhidi ya vimelea, zikipungua chini ya 500 kwa mikrolita, ukungu (aina ya fangasi) ambao sisi wengine tunauvuta kila siku bila madhara unaweza kuota ndani ya mapafu ya mgonjwa. Sizungumzii fangasi za vidole vya miguu. Hizi hufika hadi kwenye ubongo, na zinaua. Tena fangasi hii ya mapafu haitoki kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, basi tuache kuwatenga watu.

Huku kwetu siwezi kukwepa kutaja udaga. Mihogo hurundikwa makusudi iote ukungu, ikakwanguliwa, ikaanikwa, ikatwangwa. Ninachohofia ni lile vumbi. Kazi hiyo afanye mtu mwingine, na mgonjwa asikae karibu. Nafaka zilizolowa ghalani ni vivyo hivyo.

Sasa homa. Kipimajoto kikisoma 38.3 hata mara moja, au 38 kwa saa nzima, mlete mgonjwa hospitali, hata kama ni saa nane usiku. Usimpe Panadol kwanza "tuone kama itashuka". Itashuka, na ugonjwa utabaki. Akifika tunachukua damu ya kuotesha vimelea, chupa za mkono mmoja na za mwingine, kabla ya dawa. Antibayotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Homa ikiendelea siku nne hadi saba, tunatafuta fangasi: damu tena, na CT scan ya kifua. Damu hiyo haiuzwi, jamani.

Flukonazo, dawa ya fangasi ya duka la dawa, haiui ukungu huu wa mapafuni. Itrakonazo, nayo ya fangasi, ni hatari zaidi kwa anayechomwa vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, kwa kuwa huizuia vinkristini isitoke mwilini, na neva zikaumia.

Getini sema mapema, "Niko kwenye kemo," usipange foleni. Onyesha kadi yenye tarehe ya dripu ya mwisho. Na anayetoka Ukerewe au visiwani, kama ana ndugu hapa mjini, siku hizo za chembe kushuka akae kwa ndugu huyo. Usiku wa homa si wa kutafuta boti.