Mtoto Anapoitwa Kutoa Ushahidi: Funzo la Ituri

Januari 2009, katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague, shahidi wa kwanza alieleza jinsi alivyokamatwa akitoka shuleni na kupelekwa kambi ya wapiganaji. Siku hiyohiyo akayakana maneno yake. Mshtakiwa alikuwa ameketi mbele yake. Aliporudi baada ya takriban wiki mbili aliwekewa pazia asimwone mshtakiwa, akaachwa asimulie bila kukatizwa na maswali.

Pazia peke yake halikutosha. Hukumu ya Machi 2012 ilimtia Lubanga hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, lakini majaji hawakutegemea maelezo ya mashahidi wengi waliojitambulisha kuwa watoto askari wa zamani. Wapelelezi walikuwa wamewaachia watu wa kati wa huko huko kazi ya kutafuta mashahidi, bila kuwasimamia. Video za wakati ule, pamoja na ile ya kambi ya Rwampara, ndizo zilizobeba uzito.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya ushahidi, kabla ya kumwendea mtoto tafuta kwanza video, daftari la shule, rekodi za zahanati na watu wazima walioshuhudia. Ikibidi kumhoji, ahojiwe mara moja na mtu aliyefunzwa. Akizungushwa kutoka shirika hadi polisi hadi tume, maelezo yatatofautiana kidogo kila mara, na wakili wa utetezi hutafuta hasa tofauti hizo. Ridhaa ya mzazi inahitajika, ila mtoto aulizwe pia akiwa peke yake, maana wapo waliopelekwa kambini na jamaa zao wenyewe. Karo wala pesa zisitajwe kama ahadi kwake.

Umri nao una mtego. Bila cheti cha kuzaliwa, wengi hukimbilia eksirei ya kiganja na meno, ambayo hukadiria tu na haiwezi kumtenganisha kwa uhakika wa miaka 14 na wa miaka 16. Muulize alikuwa darasa la ngapi alipochukuliwa, nani alimfuata kuzaliwa.

Tume ya ukweli ya Sierra Leone iliwasikiliza watoto faraghani na kuficha majina yao. Kijijini, kufuta jina ni nusu ya kazi: shule, jina la kamanda na idadi ya ndugu vinatosha kumtambulisha mtoto. Gari jeupe lenye nembo ya shirika likisimama mlangoni kwao ndiyo kabisa. Afisa wa kumfuatilia baada ya ushahidi aende kwa baiskeli.