Saint-Cirq-Lapopie: anzia mtoni, si kwenye maegesho

Wageni wengi huufikia mji huu kutoka juu. Huacha gari kwenye maegesho ya kilimani, hushuka vichochoro viwili vitatu, hupiga picha ya mapaa, hunywa kahawa, na baada ya saa moja unusu wameshaondoka. Nyumba nzuri wameziona, ila hawajui kwa nini mtu mwenye akili zake alikwenda kujenga juu ya jabali lile. Jibu liko mita 100 hivi chini yao, nalo ni mto Lot. Ndiyo maana kila anayeniuliza humwambia aingie kwa kutokea mtoni, hata kama ana gari.

Saint-Cirq-Lapopie iko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika wilaya inayoitwa Lot kwa jina la mto wenyewe, mwendo wa kilomita 30 hivi kwa barabara mashariki ya Cahors. Wakazi wake ni kama 200 tu. Mwaka 2012 Wafaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na kuanzia hapo Julai na Agosti mchana hapapitiki. Nenda Mei, Juni au Septemba. Kuanzia Novemba hadi Machi migahawa na maduka mengi hufungwa, na utajikuta ukitembea kati ya milango iliyokomewa.

Kutoka Paris, treni ya Cahors huanzia stesheni ya Austerlitz na huchukua saa tano na zaidi. Kutoka Toulouse ni saa moja na robo hivi hadi moja unusu, kwa hiyo anayeruka kwa ndege afadhali atafute tiketi ya kutua Toulouse. Mbele ya stesheni ya Cahors kuna basi la kwenda Figeac linalofuata bonde la mto. Teremka Tour-de-Faure, kitongoji kilicho ng'ambo ya pili ya mto. Hapa ndipo watu hukosea. Mabasi ni machache, Jumapili na sikukuu huwa machache zaidi, na la mwisho la kurudi huondoka mapema kuliko unavyodhani. Piga picha ya ratiba ya kurudi kabla hujapanda la kwenda, na usome maandishi madogo ya chini: safari nyingine ni za siku za shule tu. Teksi ipo, lakini huagizwa kutoka mbali na bei yake itakuuma.

Ukiwa Tour-de-Faure, vuka daraja kwa miguu. Simama katikati uangalie juu: jabali la chokaa lililokatika wima, kanisa limekaa ukingoni kabisa, nyumba zimejazana nyuma yake. Aliyeshika jabali hilo aliona kila chombo kilichopanda na kila kilichoshuka. Katika Zama za Kati mji uligawanywa kati ya koo za kikabaila kadhaa, zikiwemo Lapopie, Gourdon na Cardaillac, na kila ukoo ukajenga ngome yake juu ya jabali lile lile. Ujirani wa namna hiyo haukosi ugomvi. Mfalme Louis wa Kumi na Moja aliamuru ngome zibomolewe mwaka 1471, na mwaka 1580 Henri wa Navarre, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme Henri wa Nne, akaamuru yaliyobaki yaangushwe. Leo juu kabisa utakuta mabaki ya kuta na mandhari. Usipande huko ukitarajia kasri.

Kutoka darajani hadi mjini ni kilomita mbili hivi za kupanda. Hesabu dakika 30 hadi 40, na ubebe maji, maana jua la saa nane mchana la Julai halina huruma. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mawe ya vichochoroni yamelainishwa na nyayo, mteremko ni mkali, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Kigari cha mtoto hapa ni mzigo. Mfunge mtoto mgongoni.

Ukiingia ndani, angalia chini kabla ya juu. Nyumba nyingi zina tao pana la mawe usawa wa barabara, na pembeni yake mlango mwembamba. Tao ndilo lilikuwa duka au karakana, na bidhaa zilipangwa mbele ya mpita njia. Mlango mwembamba ndio wa ngazi za kwenda alikoishi mwenye nyumba. Tao lililochongoka juu kwa kawaida ni la karne ya 13 au 14. Dirisha lililogawanywa na msalaba wa jiwe ni la baadaye, karne ya 15 au 16, wakati wenye fedha walipotaka mwanga zaidi. Mara nyingi utaviona vyote viwili kwenye ukuta mmoja, tao chini na dirisha juu, na hapo unajua nyumba ilifumuliwa na kuunganishwa upya bila kuangushwa. Ghorofa za juu nyingine ni fremu za mbao zilizojazwa matofali. Mapaa yamesimama wima kwa vigae bapa vya rangi ya kahawia, tofauti na vigae vya mviringo na mapaa yaliyolala ya miji ya kusini zaidi.

Majina ya vichochoro nayo yanasema kazi zilizofanyika. Pélissaria palikuwa pa watengeneza ngozi, Peyrolerie pa wafua sufuria za shaba. Lakini kazi iliyouweka mji hai hadi karne iliyopita ilikuwa ya mafundi wakereza, waliotengeneza bilula za mbao za kufungulia mapipa ya divai. Bilula moja ina sehemu mbili: mwili uliotobolewa kwa urefu, na ufunguo unaozunguka ndani yake ukiwa na tundu linalokutana na tundu la mwili. Ufunguo ukilegea kidogo, divai inavuja usiku kucha. Ukikaza kupita kiasi, mbao inapasuka ikilowa na kuvimba. Mti walioupenda ni buis, kichaka kigumu chenye nyuzi zilizobanana, kinachoota chenyewe kwenye uwanda mkavu wa chokaa juu ya bonde. Ukiona vichaka vilivyokauka vikawa vyeupe mlimani, wengi wa waharibifu ni viwavi wa nondo aliyeingia kutoka Asia, si ukame.

Bilula hizo, pamoja na mbao, jibini za milimani na makaa ya mawe kutoka upande wa Decazeville, zilishuka kwa mashua za kitako bapa ziitwazo gabare hadi mto Garonne na Bordeaux. Chumvi na samaki wakavu vilipanda. Reli ya bondeni ilipofunguliwa mwaka 1886, mto ulinyang'anywa kazi. Mshairi André Breton aliufika mji huu mwaka 1950, na mwaka uliofuata akanunua jengo lililowahi kuwa nyumba ya wageni ya mabaharia wa mashua hizo. Alikaa humo kila kiangazi karibu hadi kufa kwake mwaka 1966. Wapenda fasihi huja kwa ajili ya nyumba hiyo. Mimi ningeitazama kwanza kwa sababu ya mabaharia.

Sasa shuka tena mtoni upande wa kinu cha maji cha Aulanac na ufuate njia ya kukokotea mashua kwenda Bouziès. Ni kama kilomita nne kwenda na nne kurudi. Tenga saa tatu usiharakishe. Sehemu kubwa ni tambarare kandokando ya maji, kisha karibu na Ganil jabali linaingia moja kwa moja mtoni na njia inatumbukia ndani ya mwamba. Imechongwa kama tundu refu lililo wazi upande mmoja, dari ya jiwe juu ya kichwa, mto mguuni. Mtu mrefu atainama. Ilichimbwa kwa baruti na sururu katika miaka ya 1840 ili watu na wanyama waweze kuvuta mashua dhidi ya mkondo mahali ambapo hapakuwa na pa kukanyaga. Kwa hiyo si kazi ya Zama za Kati, ingawa utasikia hivyo mara nyingi. Michongo ya samaki na konokono ukutani ni mipya zaidi: ni ya mchongaji Daniel Monnier, ya miaka ya 1985 hadi 1990. Hakuna ukingo wa kukinga watoto, basi washike mkono. Mto ukifurika baada ya mvua nyingi, au mawe yakidondoka, njia hufungwa. Ulizia ofisi ya utalii kijijini kabla ya kushuka.

Kwa picha, kumbuka kwamba kijiji kiko kusini mwa mto. Ukipiga kutoka Tour-de-Faure mchana, jua liko nyuma ya jabali na nyumba zinatoka nyeusi. Panda kwenye sehemu ya kutazamia ya Bancourel, upande wa magharibi, saa za alasiri. Jua litakuwa mgongoni mwako.

Anayetaka kusafiri kwa maji anaweza kukodi boti bila leseni, baada ya maelekezo mafupi. Sehemu ya kutoka Saint-Cirq hadi Luzech, kilomita 60 na ushei, ilifunguliwa upya kwa boti za starehe mwaka 1990, na vyumba vyake vya maji vya kupandishia na kushushia boti, vyenye lango kila ncha, unaviendesha mwenyewe kwa mkono. Mmoja ashuke na mkono wa kuzungushia. Hakikisha maji ya ndani ya chumba yamelingana na ya kwako kabla ya kufungua lango. Ingiza boti, zungusha kamba kwenye nguzo kisha ishike mkononi, funga lango la nyuma, halafu fungua vilango vidogo vya maji taratibu. Kosa kubwa ni kufunga kamba kwa fundo wakati wa kushuka: maji yanaondoka, boti inabaki ikining'inia. La pili ni kuacha tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na lango la juu, ambako kuna kizingiti cha zege chini ya maji; boti ikishuka tezi inakaa juu yake na omo, yaani mbele, inazama. Wakati wa kupanda, ukifungua vilango kwa pupa maji yanaingia kwa kishindo na kuibamiza boti ukutani. Nje ya lango fuata alama, kwa sababu pembeni yake kuna banio lililokatiza mto na mkondo wake hauna mzaha.

Pango la Pech Merle liko kilomita chache kutoka Bouziès, huko Cabrerets. Michoro ya farasi wenye madoa ina umri wa miaka 29,000 hivi, na hii ni michoro yenyewe, si nakala. Wanaoruhusiwa kuingia hawazidi 700 kwa siku, hivyo kata tiketi mapema. Ndani kuna nyuzi 12 au 13 hivi mwaka mzima, chukua sweta.

Chakula cha mchana hutolewa kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane unusu jiko limezimwa. Ratiba na mabango huandikwa kwa saa 24, yaani 14:00 ni saa nane mchana. Jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour na nyama ya kondoo wa nyanda hizi ndivyo vya kuonja. Asiyekula nguruwe aseme "sans porc, sans lardons" tangu mwanzo, maana vipande vya nyama hiyo hutupwa hata kwenye saladi, na asipotaka pombe aulize mchuzi umepikwa na nini, kwani divai ya Cahors huingia sufuriani mara kwa mara.

Kuhusu viza ya Schengen kwa wanaotoka Afrika Mashariki: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima iwe na kima kisichopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Tatizo la vijijini ni uthibitisho wa malazi. Nyumba ndogo za wageni hujibu kwa barua pepe ya mistari miwili, "karibu, tunakusubiri", na hiyo haikusaidii kitu. Omba karatasi yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe zote mbili, anwani kamili na simu. Anayefikia kwa ndugu au rafiki huhitaji cheti cha mwenyeji, ambacho mwenyeji wake hukiomba kwenye ofisi ya meya wa mahali anapoishi, tena mapema.

Ukibakiwa na saa kadhaa Cahors kabla ya treni, nenda kwa miguu hadi daraja la Valentré, dakika kumi hivi kutoka stesheni. Ujenzi ulianza 1308 na ukachukua miaka 70. Kwenye mnara wa katikati, karibu na ncha ya juu ya pembe, tafuta shetani mdogo wa jiwe anayejaribu kung'oa jiwe la ukuta. Aliwekwa huko wakati wa ukarabati wa 1879. Jumatano na Jumamosi asubuhi kuna soko mbele ya kanisa kuu, na jibini pale ni rahisi kuliko kijijini.