Ukuta wa Berlin ulianzia kwenye karatasi

Habari za Berlin kwa kawaida huanzia usiku wa kuamkia Agosti 13, 1961, ukuta ulipoanza kujengwa. Mimi naona pa kuanzia ni London, Septemba 1944. Hapo Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walikubaliana jinsi ya kuigawana Ujerumani kabla hata hawajaishinda. Ufaransa ilikuja kupata fungu lake mwaka 1945. Mji mkuu, Berlin, nao ukagawanywa, ingawa ulikuwa ndani kabisa ya kanda ya Wasovieti, kiasi cha kilomita 160 kutoka kanda za Magharibi, yaani za Marekani, Uingereza na Ufaransa. Njia tatu za ndege za kuingia mjini ziliwekwa kwenye maandishi Novemba 1945. Barabara na reli hazikupata hati kama hiyo.

Pengo hilo lilionekana Juni 1948. Magharibi walipotoa sarafu mpya, Wasovieti walijibu kwa sarafu yao, kisha Juni 24 wakafunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi. Ndege hawakuzigusa: zilikuwa na hati, na kutungua hata moja kungeweza kuleta vita. Kwa hiyo takriban tani milioni 2.3 za mizigo zilipita angani, nyingi zikiwa makaa ya mawe, kwa sababu mji wa watu milioni 2 unahitaji umeme na moto kama unavyohitaji unga. Mzingiro uliondolewa Mei 12, 1949, na mwaka huohuo zikazaliwa Ujerumani mbili, Magharibi na Mashariki.

Mwaka 1952 Mashariki walifunga mpaka mrefu kati ya nchi hizo, lakini Berlin ikabaki wazi. Aliyetaka kuhama alikwenda Berlin Mashariki, akapanda treni ya mjini, akashuka kituo cha upande wa pili, akajiandikisha kambi ya Marienfelde, kisha akasafirishwa kwa ndege hadi Ujerumani Magharibi. Mzigo mkubwa ungemsaliti kwa polisi, hivyo wengi waliacha karibu kila kitu. Hadi 1961 walikuwa wameondoka watu wapatao milioni 2.7, wengi wao vijana, pamoja na madaktari, wahandisi na mafundi. Hakuna serikali inayostahimili kuvuja damu namna hiyo.

Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alitaka majeshi ya Magharibi yaondoke Berlin. Kennedy, rais wa Marekani, katika hotuba yake ya Julai 25, 1961, aliahidi kuilinda Berlin Magharibi. Kwangu mimi neno hilo “Magharibi” ndilo zito kuliko yote: mwenye kusikiliza kwa makini aliweza kuelewa kwamba Mashariki wangeachwa wafanye watakalo upande wao.

Kazi ya ukuta ilianza usiku ule wa kuamkia Agosti 13, Jumamosi kuamkia Jumapili, watu wamelala. Lami na mawe ya barabarani viling'olewa, seng'enge ikatandazwa, safari za treni zikakatwa. Matofali ya zege yalifuata siku chache baadaye. Mzunguko mzima kuizingira Berlin Magharibi ulikuwa kilomita 155 hivi. Katika mtaa wa Bernauer nyumba zilikuwa Mashariki ilhali njia ya miguu mbele yake ilikuwa Magharibi. Milango ilipozibwa, watu waliruka madirishani huku wazima moto wa upande wa pili wakiwatandazia nyavu. Baadaye madirisha nayo yakajengewa matofali.

Oktoba 1961 vifaru vya Marekani na vya Kisovieti vilikabiliana kwa saa 16 hivi katika kituo cha ukaguzi cha mpakani kilichoitwa Charlie. Kilichogombewa kilikuwa haki ya maofisa wa Magharibi kuingia Mashariki bila kuonyesha vitambulisho kwa walinzi wa Ujerumani Mashariki. Mwenyeji aliyetenganishwa na mama yake hakuwemo kwenye mzozo huo.

Mashariki waliuita ukuta wa kujikinga na mafashisti. Ukitaka kujua ulimkinga nani, fuata mpangilio wake wa miaka ya baadaye, ukitokea Mashariki: ukuta wa ndani, uzio wenye king'ora, minara ya walinzi, barabara ya doria, mchanga uliochanwa ili unyayo uonekane, handaki la kuzuia magari, na mwisho vipande vya zege vya mita 3.6 kwenda juu, vyenye bomba la mviringo kileleni ili mkono usipate pa kushika. Lile handaki lilichimbwa kuzuia gari linalotoka Mashariki. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye ukuta huo.