Mwache mtoto augue surua?

Sokoni Majengo, Dodoma, bado utamsikia bibi akimwambia mkwewe: mwache mtoto augue surua, kinga ya asili ndiyo ya kweli. Nusu ya maneno hayo ni sahihi. Aliyeugua akapona kwa kawaida haugui tena. Ila njiani kuna nimonia, na mwenye upungufu wa vitamini A anaweza hata kupofuka. Tena kuna hili lisilosemwa sana: utafiti wa 2019 kwa watoto wa Uholanzi wasiochanjwa ulionyesha surua ilifuta asilimia 11 hadi 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Chanjo haifuti kitu. Hutolewa bure kliniki, miezi 9 na 18. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, maana mtoto keshaanza kukimbia.