Mawe ya Tangi la Matumbawe Hayapangwi Kama Ukuta

"Fundi, ongeza mawe, tangi linaonekana tupu." Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo tena, Lavington, Nairobi, mbele ya tangi la lita 900 la maji ya chumvi, la kufugia samaki na matumbawe hai, ambalo mwenyewe alikuwa ameshalipanga kabla sijaitwa. Mawe yalianzia kioo cha nyuma, yakapanda moja juu ya jingine hadi karibu na uso wa maji, kona hadi kona. Alikuwa amepewa ile hesabu ya zamani, kilo moja ya jiwe kwa kila lita nane. Kwa tangi lake hizo ni kilo 112 hivi. Yeye akaongeza nyingine juu yake, akiamini kwamba mawe yakizidi, maji nayo yanazidi kuwa safi.

Kati ya yote ninayosikia, hili ndilo linalonichosha zaidi, na haliishi kwa sababu lina chembe ya ukweli. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti, huishi kwenye jiwe. Lakini makao yao ni uso wa jiwe na vitundu vyake, na ni lazima maji yenye oksijeni yawapitie. Uzito hauwahusu. Jiwe jepesi la kilo tatu, lililojaa matundu kama sifongo, laweza kuwafaa kuliko bonge la kilo kumi. Na jiwe lililobanwa katikati ya wenzake bila maji kupita halisafishi chochote.

Kinacholifikia ni uchafu. Nilipopenyeza mpira wa kunyonya maji nyuma ya ule ukuta wa Lavington, ulitoka uji mweusi, laini kama masizi, unanuka yai viza. Tangi lilikuwa na miezi minane tu! Nitreti ilikuwa haishuki, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha skima (mashine ya kuondoa uchafu kwa povu), chumvi, hata chakula cha samaki. Hakuna aliyemwambia achungulie nyuma ya mawe.

Aliye Mombasa ana nafuu kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya tangi hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano yakilinganishwa na maji ya pwani yenye joto lile lile. Stima ikipotea usiku wa manane, pampu zinanyamaza, na uchafu unaooza nyuma ya mawe unaendelea kuila ile oksijeni kidogo ambayo samaki wanaitegemea. Nimewahi kuitwa alfajiri nikakuta samaki wawili aina ya kangaja wamelala mchangani, wamekufa, na hakuna jiwe hata moja lililosogea.

Mimi hupanga visiwa viwili visivyolingana, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, katikati mchanga mtupu. Kangaja ni samaki wa kuogelea kutwa, mpe njia. Nyuma na ubavuni naacha sentimita 10 hadi 15, maji yazunguke na sumaku ya kusugulia kioo ipite bila kukwama. Kimo hakizidi theluthi mbili ya kina cha maji. Hapo ndipo wateja hunung'unika kwamba juu kumebaki wazi. Ndiyo, kumebaki wazi kwa ajili ya matumbawe yenyewe. Kipande cha akropora, tumbawe la matawi, cha ukubwa wa kidole gumba, kikipata mwanga na mkondo mzuri, baada ya miaka michache ni kichaka cha kujaza mikono miwili. Kitakulia wapi kama mawe yameshafika juu?

Na tafadhali, kama mawe ni makavu, jenga sakafuni kwanza. Bandika utepe wa karatasi sebuleni kwa vipimo vya tangi, panga mawe humo, yaache siku mbili. Yatazame ukiwa umekaa kwenye kochi, maana hapo ndipo utakapoyatazamia miaka yote. Kisha sukuma kila jiwe kwa kiganja. Linalotikisika pale litaanguka ndani ya maji, na kioo hakisamehe. Kila aliyeniruhusu kutumia siku hizo mbili tumeelewana vizuri baadaye.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Mchanga kwanza, mawe juu yake." Hapana. Kuna samaki na kamba ambao kazi yao ni kuchimba, na mnara uliosimama juu ya mchanga huporomoka. Jiwe la chini likae kwenye sakafu ya tangi, mchanga umwagwe baadaye kulizunguka.

"Silikoni itayashika." Haishiki vizuri jiwe lenye vumbi na matundu. Toboa, pitisha kijiti cha faiba, funga kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu.

"Nitaokota mawe nikienda Watamu." Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zipo tangu 1968, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kutolewa humo, hata kipande kilichokufa. Nunua jiwe kavu, uyaache matumbawe ya pwani yaendelee kuishi.

La mwisho linanitia hofu kweli: kwamba jiwe lililotoka kwenye tangi la mtu lichemshwe ili wadudu wafe. Baadhi ya zoantidi, viumbe wadogo wa jamii ya matumbawe wanaoota kwenye mawe hayo, wana palitoksini, sumu kali ambayo kuchemsha hakuiui, bali huirusha hewani pamoja na mvuke. Kuna familia nzima zilizowahi kulazwa hospitalini kwa kuivuta. Jiwe hilo liloweke nje ya nyumba katika maji yenye klorini, ukiwa na glavu na miwani, kisha lisuuze na ulianike mpaka likauke kabisa. Juzi mama mmoja wa South B alinipigia kuuliza sufuria ya ukubwa gani itatosha, na maji yalikuwa yameshatengwa motoni. Nilimwomba kwanza azime jiko na afungue madirisha, ndipo tukaanza kuongea.